Uzito wa Kimya

Haya si ya kusikia njiani. Mwenye mkasa alikuwa jirani yangu, tumepakana ukuta miaka kumi na moja. Mengi nimeyapata kwa mkewe, mengine kwake mwenyewe kupitia kioo cha gereza, na lile la mwisho nilisimuliwa na askari aliyekuwa zamu siku hiyo. Askari huyo hana sababu ya kunidanganya. Hata kulisema mara ya pili hataki.

Watu walimwita Masikio. Si kwamba yalikuwa makubwa. Kazi ndiyo iliyompa jina. Alikuwa fundi wa rekodi kwenye ghala la baridi, lile jengo refu la mabati lenye vyumba sita vya kugandishia nyama na mboga. Kila chumba kina simu ya ukutani, na kila neno lililosemwa kwenye simu hizo lilikwenda kwenye kompyuta yake, likabanwa, likawa faili dogo, likahifadhiwa.

Programu aliyotumia haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Ni dirisha jeusi na maandishi meupe, basi. Unaandika jina la programu, kistari, herufi moja, kisha jina la faili. Herufi hii inabana, herufi ile inabanua. Na sifa yake, alipenda kunieleza huku akijimiminia chai yangu bila kukaribishwa, ni kwamba haipotezi kitu. "Ulichokiingiza ndicho utakachokitoa, jirani. Hata kikohozi."

Kila kitu yeye alikijua kwa uzito. Dakika kumi na nane za mtu anayeongea, zikishabanwa, zinakuja kama megabaiti kumi na nane. Dakika kumi na nane za kimya hazifiki hata moja, kwa sababu kimya hakina cha kubanwa. Akiitazama orodha tu, bila kusikiliza, anakuambia hapa watu waligombana, hapa mtu alisahau kukata simu akaenda zake. Alijisifia hilo mpaka tukachoka. Basi likumbuke, maana ndilo lililomponza.

Jumatatu hiyo ilianza kama Jumatatu nyingine. Masikio na binti yake walitoka pamoja saa moja na nusu asubuhi, binti akiongea. Binti huyo tulimwita Chiriku na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alianza kuongea akipiga mswaki, akanyamaza alipozidiwa na usingizi. Ukuta wetu mwembamba. Habari za kazini kwao nilizijua kabla ya mama yake. Baba, jana mizani imegoma. Baba, yule dereva mfupi ameoa tena. Baba, hunisikilizi. Naye baba hujibu, "Nakusikia mwanangu, mimi nimeajiriwa kusikia."

Langoni mwa ghala walimkuta yule mama mshonaji. Kila Jumatatu alikuwepo, kwa miezi minne sasa, amevaa gauni jeusi alilojishonea, ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, mkoba magotini. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, walinzi wangejua la kumfanya. Yeye alimuuliza kila anayeingia swali moja tu: "Sauti ya mwanangu iko wapi?"

Mwanawe alikuwa mpimaji wa mizigo pale ghalani. Ijumaa moja, saa sita mchana, wenzake wamekwenda kula, aliingia chumba namba nne kufuata karatasi za mizigo, na mlango ukajifunga nyuma yake. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'olewa wiki mbili kabla kwa amri ya Bosi, eti wafanyakazi wanajifungia humo kutegea kazi. Alipiga simu ya ukutani kwa dakika kumi na nane. Walipomkuta ilikuwa saa tisa na nusu. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, na simu alikuwa ameirudisha mahali pake vizuri kabisa.

Ghala likasema hakupiga. Likasema laini ya namba nne ni mbovu, hujiwasha yenyewe, na kilichorekodiwa ni kimya kitupu. Tena likasema, na hili ndilo lililomkata mama wa watu maini, kwamba huenda msichana mwenyewe hakutaka kutoka.

Kimya hicho alikitengeneza nani? Masikio. Bosi alimwita kwenye maegesho ya malori, mbali na kila mashine, akamwambia mambo mawili: futa, lakini urefu ubaki. Masikio akakaa mezani, akalibanua faili, akalifuta neno kwa neno mpaka likawa tupu, akalibana tena kwa jina lile lile na tarehe ile ile. Baada ya mwezi, Chiriku, aliyekuwa nyumbani miaka miwili akitafuta kazi, akaitwa ghalani. Akapewa mizani. Ndiyo, ile ile.

Liko jingine. Hili alinieleza baada ya yote, wakati halimsaidii mtu tena. Ijumaa ile, saa sita mchana, Masikio alikuwa mezani kwake. Taa ndogo ya kijani ya laini namba nne iliwaka mbele ya macho yake. Aliitazama. Akajiambia ni ule ubovu wake wa siku zote. Baada ya muda akaitazama tena, bado inawaka. Hedifoni zilikuwa pale, urefu wa mkono. Hakuzivaa, kwa sababu alikuwa anacheza karata kwenye kompyuta na alikuwa anakaribia kushinda.

Basi Jumatatu hiyo yule mama hakuuliza swali lake. Alimtazama Chiriku kuanzia viatuni hadi kichwani, akamsikiliza anavyowasalimia walinzi mmoja mmoja kwa utani.

"Huyu wako?" akamuuliza Masikio.

"Wangu, mama."

"Ana sauti nzuri," akasema. "Itatosha."

Masikio hakuuliza itatosha nini. Alimshika binti yake mkono wakapita.

Mezani alikuta barua. Kamati ya uchunguzi ilitaka rekodi zote za Ijumaa ile, zibanuliwe zote ziwe sauti ya kawaida, ziletwe Alhamisi, na ile ya namba nne ibanuliwe tena mbele yao. Mafaili mia mbili na kumi na mbili. Kwake hiyo haikuwa kazi. Aliandika amri moja tu, kwamba kila lililomo kwenye folda libanuliwe, akabonyeza, akakaa kuangalia asilimia zikipanda, faili kwa faili, na kila lililokamilika likiandikiwa "sawa" pembeni. Mwisho, kwa mazoea, akafungua orodha ya mafaili yaliyobanwa aangalie uzito.

Namba nne, saa sita mchana. Dakika kumi na nane za kimya. Megabaiti nne.

Akasugua macho. Kimya alichokiweka yeye mwenyewe hakikufika hata moja, na alikikumbuka vizuri, maana alikuwa amekikagua mara tatu. Akajiambia labda kompyuta imechanganya. Akavaa hedifoni.

Kulikuwa na mvumo wa feni za baridi. Feni tu, kwa muda mrefu. Kisha kitu kikagongana taratibu, tak-tak-tak, akadhani ni mashine. Yalikuwa meno. Kisha mtu akavuta pumzi karibu kabisa na simu.

"Haloo? Kuna mtu?"

Masikio alizivua hedifoni akazitupa mezani. Sauti ya marehemu aliifuta mwenyewe na alijua ilivyokuwa, nzito kidogo, ya puani. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sauti inayomwamsha kila asubuhi.

Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama chini kwenye mizani. Akakimbilia hapo. Chiriku alikuwa amesimama pale pale, kofia ya kazi imekaa upande, anamsimulia dereva mfupi jambo na mikono yake yote miwili inafanya kazi. Masikio akashusha pumzi. Kisha akamwona binti anakatiza maneno, anajishika koo, anakohoa.

Jioni Chiriku alirudi sauti imekwaruza. Mama yake akasema ni baridi ya pale, akamtengenezea maji ya moto na asali, akamkanya asikae karibu na milango. Chiriku akacheka. Nilikisikia kicheko hicho kupitia ukutani, kimepasuka katikati.

Jumanne Masikio alilifuta lile faili upya. Hakumwamini mtu, akafunga mlango. Akalijaza kimya mwanzo hadi mwisho, akalibana, akatazama uzito: halikufika moja. Vizuri. Akakaa akilitazama karibu saa nzima, halikubadilika. Ndipo akafanya ambalo fundi yeyote wa rekodi angelifanya na mtu mwingine asingelifanya. Alitaka kuhakikisha. Akaandika amri, kistari, herufi ya kubanua.

Asilimia zikapanda. Zikafika mia. Zikaandika "sawa".

Akatazama orodha ya yaliyobanwa. Megabaiti tisa.

Hakuvaa hedifoni. Hakuhitaji. Zilikuwa zimelala mezani, na zilikuwa zinaongea zenyewe, kidogo, kidogo. "Jamani nimefungiwa. Namba nne. Jamani." Akachomoa waya. Mkono ukaganda. Waya ulikuwa na baridi ya kuunguza.

Nyumbani Chiriku alinong'ona salamu. Alijaribu kusimulia habari za mizani, maneno yakaishia kwenye midomo. Mama yake akamwambia apumzishe koo. Masikio hakula. Alikaa akimtazama binti yake, na mkewe aliponiambia hivyo baadaye alisema, "Nilidhani anamhurumia. Kumbe anahesabu."

Ni kweli, alikuwa anahesabu. Kila alipobanua, faili lilijaa, na kilichojaa humo lilikuwa linakichota kwingine. Ile programu haipotezi kitu wala haizui kitu. Ulichoingiza ndicho unachotoa, na kama hukuingiza, lazima kitoke kwa mtu. Mtu mwenye akili angeacha. Asingeligusa tena. Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja, na kamati ingetaka libanuliwe mbele yake, na hakujua humo ndani kumebaki nini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Masikio aliijua methali hiyo toka darasa la tatu na hakuwahi kuiogopa.

Jumatano asubuhi alibanua mara ya tatu. Kumi na nane kamili. Alisikiliza zote.

Sitaziandika. Alinieleza, na nilitamani kumwomba aishie katikati. Ila ujue kwamba msichana hakulia muda mrefu. Alieleza alipo. Alieleza mlango. Alihesabu vidole vyake ambavyo bado alivihisi. Karibu na mwisho alisema taratibu, bila hasira, "Najua kuna mtu hapo. Laini imepokewa, naisikia." Kisha simu ikarudishwa mahali pake. Yote hayo kwa sauti ya Chiriku.

Masikio alishuka ngazi mbio. Chiriku alikuwa amesimama kwenye mizani na wenzake wamemzunguka. Alikuwa anafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Wala mkwaruzo. Wala pumzi. Aliponyosha mkono amshike baba yake, vidole vyake vilikuwa vya baridi kama vimetolewa namba nne sasa hivi, na alikuwa amesimama juani.

Saa nane mchana alikuwa nyumbani kwa mshonaji. Chumba kimoja, cherehani mbili, moja imefunikwa kitambaa. Yule mama hakusimama wala hakushangaa.

"Karibu, baba."

"Mama, umemfanya nini mwanangu?"

"Mimi?" Aliendelea kukanyaga cherehani. "Mimi nimekaa langoni. Umeniona nikifanya kitu kingine?"

Masikio akapiga magoti. Mwanamume wa miaka arobaini na saba, juu ya vipande vya vitambaa na nyuzi. Akasema atafanya lolote.

"Lolote silitaki," mama akasema. "Nataka moja. Kesho, mbele za watu, sema yote. Ulichokifanya na ulichokiacha. Ukibakiza hata chembe, na wako atabakia hivyo."

"Nikisema, atarudishiwa sauti?"

Cherehani ikasimama. Mama akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Nimekuambia ukibakiza. Sikukuuliza kama unaogopa. Wangu aliogopa dakika kumi na nane." Akaivuta nguo, akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa nakuombea ukatae, ujue. Bado nakuombea."

Hapo nami nikisimulia huwa nasimama kidogo. Watu wanasema mama yule ni mchawi. Sijui. Ninachojua ni kwamba chuki aliyokuwa nayo aliipata kihalali.

Alhamisi, saa nne asubuhi, walikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa ghala. Wajumbe watatu wa kamati, mwenyekiti wao mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Bosi mbele, tai mpya. Mshonaji pembeni, mkoba magotini. Nyuma kabisa mke wa Masikio na Chiriku, huyu amejifunika shuka huku watu wengine wanajipepea kwa karatasi.

Masikio akafungua dirisha lake jeusi, likaonekana ukutani kwa wote. Akaandika amri polepole, na mwenyekiti akamtaka aeleze kila herufi. Akaeleza. Akabonyeza. Asilimia zikapanda. Sawa.

Sauti ikajaa ukumbini. Feni. Meno. Haloo, kuna mtu.

Bosi alikuwa wa kwanza kucheka. "Mheshimiwa, hiyo si sauti ya marehemu. Hiyo ni ya binti yake huyu, yule pale nyuma. Ghala zima linaijua. Wametengeneza nyumbani."

Watu wakageuka kumtazama Chiriku. Ilikuwa kweli, na wengine wakaanza kuguna. Mwenyekiti akainua mkono ili sauti izimwe. Masikio akaizima. Haikuzimika. Iliendelea mpaka dakika ya kumi na nane, simu ikarudishwa mahali pake, na hapo kila mtu akaona saa ya faili imefika mwisho.

Faili likaendelea.

Ulisikika mlio wa lori likirudi nyuma. Kokoto chini ya viatu. Kisha sauti ya Bosi, yake kabisa, hata kile kikohozi chake: "Futa. Lakini urefu ubaki, wasije wakauliza." Na sauti ya Masikio: "Sawa, Bosi."

Maneno hayo yalisemwa kwenye maegesho. Hapakuwa na simu pale. Hapakuwa na waya. Bosi alilegeza tai, na tangu hapo hakucheka tena.

Mwenyekiti akamgeukia Masikio. "Eleza."

Akaeleza. Alieleza kitasa kilivyong'olewa. Nyuma ya ukumbi Chiriku akakohoa, na kikohozi kikatoka na sauti. Mama yake akamshika begani. Masikio akaendelea, sasa machozi yanamtoka: alivyolifungua faili, alivyofuta neno kwa neno, alivyobana upya, na kazi aliyopewa mwanawe. Chiriku akafungua mdomo. "Ba," ikatoka. Hafifu, lakini ya kwake.

"Na wakati marehemu anapiga," mwenyekiti akauliza, "wewe ulikuwa wapi?"

Masikio alimtazama binti yake, naye alikuwa ameinuka nusu kitini, mdomo wazi, anasubiri herufi iliyobaki.

Alitaka kusema. Nilimwamini aliponiambia hivyo. Lakini fikiria. Kufuta ni kosa la kutumwa. Mtu atakusikitikia, atasema alilazimishwa na mkubwa wake. Taa ni yako peke yako. Na akisema, wa kwanza kulijua ni Chiriku, ambaye maisha yake yote baba yake amekuwa akimwambia kwamba yeye ameajiriwa kusikia.

"Nilikuwa nimetoka," akasema. "Nilikwenda kula."

Nyuma hakukusikika kitu. Chiriku alikaa chini polepole. Mdomo ulikuwa bado unacheza, na ukumbi mzima uliona kwamba hakuna kinachotoka.

Mshonaji akafunga mkoba wake. "Basi," akasema, akatoka. Hakuonekana tena langoni. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta.

Kesi haikuchukua muda. Bosi miaka saba, Masikio mitatu. Ghala likafungwa. Hospitali zilimpima Chiriku koo mara nne zikasema ni zima kabisa, halina hata mchubuko.

Alikwenda kumwona baba yake mara moja. Ilikuwa mchana wa jua kali, mabati ya chumba cha wageni yanalia kwa joto, askari amefungua vifungo viwili vya shati. Masikio akaletwa upande wake wa kioo. Chiriku akakaa upande wa pili, bado na shuka lake, akatoa daftari. Aliandika kwa muda, akaligeuza, akalibandika kwenye kioo. Askari alilisoma naye.

"Baba, taa ya namba nne ilikuwa ya kijani. Uliitazama mara mbili. Ulikuwa unacheza karata. Mbona hukunipokea?"

Hakuna aliyemwambia. Mimi Masikio alikuwa bado hajanieleza. Mkewe hajawahi kumweleza. Kompyuta ile ilikuwa imeshachukuliwa na kufungiwa. Wala aliyekuwa namba nne hakuweza kuiona taa ile, kwa sababu taa ilikuwa mezani kwa Masikio, ghorofa ya juu.

Na askari anasema binti hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri, kama pale ukumbini. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, tayari. Kilichobaki kilikuwa neno moja tu, na hapakuwa na kamati wala Bosi, ni mtu na mwanawe.

Masikio alisoma mara mbili.

"Taa gani, mwanangu?" akasema.

Chiriku alifunga daftari. Aliweka kiganja chake kwenye kioo, kama anaaga, akakiacha hapo kidogo. Kisha akaondoka. Siku hizi anaishi kwa mshonaji, ile cherehani iliyofunikwa kitambaa ndiyo anayoitumia, na yule mama anamwita mwanangu. Mkewe Masikio alikwenda kumrudisha. Chiriku alimtazama kwa adabu tu, akamkaribisha kwa mkono kama mgeni.

Mimi nilikwenda gerezani wiki iliyofuata, aliponiita ili anieleze la taa. Aliongea mfululizo, kwa kunong'ona, akaniomba niuandike ujumbe wake nimpelekee binti. Nilimpelekea. Chiriku aliusoma, akaukunja, akauweka chini ya mguu wa cherehani iliyokuwa inayumba.

Lakini siku hiyo gerezani sikuweza kumtazama Masikio usoni, kwa sababu ya kile kioo. Kiganja kilikuwa bado kipo. Vidole vitano vya barafu nyeupe, saa sita mchana, kwenye joto lile. Askari alikuwa amekifuta kwa kitambaa, kwa maji ya moto, kwa wembe, akashindwa. Alikuwa akifuta upande wa wageni. Nilipokigusa upande huo kilikuwa kikavu na chenye joto, ndipo nilipoona kwamba alama ilikuwa upande wa Masikio.

Kioo wameshakibadilisha mara mbili.